Bi Pengo Ana Mtoto

Dada yangu Kulthum tulimzika Ijumaa iliyopita baada ya swala ya alasiri, hapa Timbwani, upande wa pili wa kivuko cha Likoni. Kaburi lake liko karibu na ukuta, mahali ambapo bahari husikika ingawa haionekani. Mwenyezi Mungu amghufirie na ampanulie alipo.

Siku ya hitima, baada ya watu kula, nilikuwa barazani nikawasikia vijana wawili wakinawa mikono uani. Mmoja akamwuliza mwenziwe kwa nini marehemu akiitwa Bi Nyangumi.

"Nadhani alikuwa mnene ujanani," mwenziwe akajibu, na wote wawili wakacheka polepole, kwa adabu ya msiba.

Sikuwakemea. Wangejuaje? Lakini dada hakuwa mnene hata siku moja. Jina hilo alilipata wakati wa vita vya pili, na waliompa hawakumpa kwa mapenzi. Waliokuwa wakijua habari yake wote wametangulia, nimebaki mimi, na naiandika kama nilivyoiona.

Mumewe aliitwa Mbarak. Alikuwa baharia katika mashua ya marubani, wale wanaotoka nje ya mlango wa Kilindini kuzipokea meli na kuziongoza ndani. Sehemu kubwa ya kazi ile ni kungoja. Mashua hukaa nje ya mwamba, mawimbi yakaitikisa, watu wakasinzia. Mbarak hakuwa mtu wa kusinzia. Alitazama maji, na akirudi nyumbani hakuwa na hadithi nyingine ila ya pomboo na nyangumi. Kulthum, bi harusi wa juzi, mwanzo hakumwamini.

"Leo nyangumi mmoja karuka mwili mzima," alimwambia jioni moja mbele yangu, "akageuka hewani, akaanguka kwa ubavu."

"Mkubwa kama nini?"

"Kama msikiti wa Maalim Jaffar."

"Astaghfirullah! Msikiti waruka?"

"Wallahi nakwambia. Ila mnara hakuwa nao, nisije nikasema uongo."

Kusi ya mwaka ule, majira ya upepo wa kusini wajapo nyangumi, akamchukua akaone mwenyewe. Walipita shamba la Nyevu, mama wa Kiduruma aliyekuwa akilima mihogo mpaka ukingoni mwa jabali, wakaketi mahali ambapo mtu huona mwamba wote na bahari kuu iliyo nyuma yake. Siku nyingine nilifuatana nao, lakini mimi sikuwa na subira. Nilitazama, nikaona maji, nikarudi nyumbani. Kulthum alibaki, na akajifunza.

Mbarak alimfunza asikaze macho mahali pamoja. Aiache bahari yote iingie machoni, kama mtu atazamavyo watu sokoni bila kumtafuta yeyote. Kwanza itaonekana pumzi. Hupanda juu nyeupe kama moshi wa jiko lililomwagiwa maji, kisha upepo huivunja. Chini yake huja mgongo mweusi, mrefu, usio na haraka. Kama mgongo umejikunja sana, ngoja, mkia utafuata. Na mkia ukishapanda na kuzama, basi kashuka chini kabisa, na mtu ana nafasi ya kuswali rakaa mbili na kuomba dua kabla hajamwona tena. Mwenye mtoto hafanyi hivyo. Yeye hulala juu juu, kwa kuwa mtoto hawezi kuzuia pumzi. Kila mara hujitokeza ubavuni mwa mamaye, akapiga kipumzi kidogo, kama mtoto achunguliaye wageni mlangoni.

Nyangumi mmoja walimjua. Mkia wake ulikuwa umekatika ncha ya upande mmoja, pengo kubwa, sijui kwa papa au kwa meli. Mbarak akamwita Bi Pengo.

"Lakini mama asisikie," alimwambia Kulthum. "Atadhani namsema yeye."

Mamaye Mbarak, Bi Mwanarehema, alikuwa hana jino la mbele. Kulthum alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa leso.

Mwaka wa thelathini na tisa walimwona Bi Pengo akiwa na mtoto. Mwaka uliofuata hakuonekana. Mwaka wa arubaini na moja alikuja tena, peke yake, akapiga maji kwa ule mkia wake wenye pengo asubuhi nzima. Mbarak akasema, "Akija tena atakuja na mtoto, utaona." Wao wenyewe walikuwa hawajajaliwa. Mimba mbili zilitoka, na baada ya hapo hawakulizungumza jambo lile mbele za watu.

Kisha vita vikatufikia. Kilindini ikajaa meli za kijivu, majina yao yamepakwa rangi yasisomeke. Huku Likoni askari wakaweka mizinga, na ufuo ukafungwa kwa seng'enge. Mabaharia wazoefu wakatafutwa kwa meli za mizigo, na mwanzoni mwa mwaka wa arubaini na tatu Mbarak akaandikwa. Hakulazimishwa, wala hakupewa nafasi ya kukataa. Mambo ya wakati ule yalikuwa hivyo.

Asubuhi ya kuondoka alikunywa kahawa barazani kwetu, maana sote tulikaa nyumba moja. Bi Mwanarehema akamsomea na kumpulizia kifuani. Mimi nilichukua kifurushi chake. Kulthum alisimama mlangoni, na Mbarak akamwambia maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi sana tangu siku ile, kwa kuwa dada aliyarudia mpaka uzeeni.

"Kusi nitakuwa nimerudi, inshallah. Nikichelewa, niangalizie Bi Pengo. Nikija uniambie kama ana mtoto."

"Nikwambie mimi, au wewe utaniambia kwamba alikuwa mkubwa kama msikiti?"

"Zamu yako sasa. Hata ukisema kama ile ngome ya Fort, nitakuamini."

Akaenda.

Tulipata salamu zake mara moja, kupitia baharia aliyemwona Dar es Salaam. Baada ya hapo, kimya. Nilikuwa karani wa bohari bandarini, na watu walidhani karani wa bandarini ajua habari za meli. Sikujua kitu. Nilikwenda ofisi ya wakala wa meli ile, nikapanga foleni na wazee wenye kofia mikononi, na kila nilipofika dirishani nilipewa jibu lile lile.

"Meli iko baharini."

"Bahari gani, bwana?"

"Hiyo ni siri ya vita. Anayefuata!"

Siwezi kumlaumu mtu yule. Nadhani hata yeye hakuambiwa. Nilirudi na jibu hilo nyumbani, na dada alilipokea kama mtu apokeaye salamu. "Meli iko baharini," alisema. "Basi na iwe baharini. Ni mahali pake."

Alianza kwenda jabalini kila siku baada ya kumaliza kazi za asubuhi. Nyevu alimruhusu kupita shambani, kwa kuwa upande ule seng'enge ilikuwa haijafika. Nyangumi walikuwa bado, haikuwa miezi yao, lakini pomboo wapo mwaka mzima, na Kulthum aligundua jambo ambalo Mbarak aliwahi kumwambia nusu nusu. Pomboo wa mlango ule wa Kilindini hupenda kucheza mbele ya meli. Huteleza pale maji yanapopasuka kama watoto kwenye mteremko wa mchanga. Kwa hivyo meli ikikaribia, kabla hata moshi wake haujaonekana, wao huwa wameshaisikia. Huacha kuvua, hukusanyika, kisha hutoka mbio kuelekea nje, migongo ikipanda na kushuka. Kulthum akiwaona wanatoka hivyo, alijua meli inaingia. Alikuwa akinipigia kelele kutoka kwenye kona ya njia:

"Kombe! Nduu yangu, wametoka! Kimbia uangalie!"

Nami nilivuka kwa kivuko, nikasimama gatini, nikatazama meli ya kijivu isiyo na jina ikifunga kamba, na wanaume nisiowajua wakishuka. Jioni nikarudi, naye hakuuliza. Alinitazama uso tu, kisha akanipakulia chakula.

Watu ndipo walipoanza maneno. Mwanamke aendaye jabalini kila siku, na bahari imejaa siri za wakubwa! Mjumbe mmoja wa mtaa alikuja kuniambia nimzuie, asije akashikwa kwa kupeleleza meli. Watoto wakamwita Bi Nyangumi. Na kilichowaudhi watu zaidi ni kwamba alijipamba. Kila Alhamisi alitia hina kidogo, akavaa kikuba cha maua ya asumini, akajifukiza udi.

"Wajipambia nani?" Bi Mwanarehema alimwuliza siku moja. Yeye moyo wake ulikuwa umeshakata tamaa. Alisema amemwota mwanawe akiwa na nguo zilizorowa.

"Mume wangu, mama."

"Na mumeo yuko wapi?"

"Safarini."

"Safari gani haina hata salamu? Mwanangu amekufa, Kulthum. Mimi ndiye niliyemzaa, najua. Keti ndani, vaa nguo nyeupe, ukae eda yake kama wake wa watu wanavyokaa. Usimwaibishe maiti."

"Mama, nikikaa eda nitakuwa nimemwua mimi."

Wakalia wote wawili, mmoja chumbani na mwingine jikoni. Nami nilikuwa katikati, kwenye ukumbi, nimeshika kofia yangu. Baba yetu alikuwa ameshafariki. Mimi, ingawa mdogo, ndiye niliyekuwa walii wa dada yangu, msemaji wake mbele ya sheria.

Tukaenda kwa Maalim Jaffar. Alikuwa mzee mpole, mwenye kuongea kwa kutua. Alisikiliza pande zote mbili, kisha akasema kwamba mke wa mtu aliyepotea ni mke wa mtu mpaka ipatikane yakini. Ndoto ya mama si yakini, na kimya si yakini. "Hana eda, kwa kuwa hatujui kifo. Na hana mume wa kumtazama, kwa kuwa hatujui uhai. Asubiri. Asome dua ya Nabii Yunus, aliyekuwa tumboni mwa samaki, gizani, hana wa kumtoa ila Mola wake."

Kulthum alitoka pale na furaha, kama aliyeshinda kesi. Dua ile aliisoma jabalini, macho yakiwa juu ya maji.

Kusi ikaja. Mwezi wa Julai aliona pumzi ya kwanza mbali sana upande wa kusini, akaja mbio kutuambia, na hata Bi Mwanarehema akasema alhamdulillahi bila kutaka. Lakini Bi Pengo hakuwa miongoni mwao. Kulthum aliitazama mikia yote iliyopanda, mmoja mmoja, na yote ilikuwa mizima.

Katika siku hizo alimwona pomboo mmoja akisukuma kitu. Siku ile nilikuwepo, na Nyevu alikuwepo na jembe lake. Pomboo yule alikuwa jike, karibu na mwamba, na kile alichokisukuma kwa pua kilikuwa mtoto wake, mfu. Alimwinua juu apate hewa. Mtoto akateleza, akazama. Mama akamfuata chini, akamrudisha juu. Wenziwe walikuwa mbele kidogo wakimngoja, wanakwenda, wanasimama.

"Amekufa zamani huyo," Nyevu alisema. "Tazama, rangi imeshamtoka. Mwambieni mwenzenu amwache."

"Nimwambieje?" Kulthum akauliza.

"Sijui. Wewe ndiye Bi Nyangumi."

Nyevu alisema kwa mzaha, na mzaha ukamfia mdomoni. Tulisimama pale, watu wazima watatu, mmoja ana jembe, mmoja amesoma sekondari, mmoja amefuta machozi kwa ncha ya buibui, na hatukuwa na mkono wa kufika pale. Siku tatu nne dada alimwona yule pomboo akifanya kazi ile ile. Kisha akamwona yuko na wenziwe, na mbele yake hakuna kitu.

"Kamwacha," niliposikia nilimwambia.

"Sijui kama kamwacha," alisema. "Labda amenyang'anywa na maji."

Mwisho wa Shaaban ukafika. Siku ya vunja jungu, watu wanapokula vizuri kabla ya mwezi kuandama, Kulthum alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akachukua sahani kwa Nyevu, wakala pale jabalini. Nyevu alimhadithia jinsi mumewe wa kwanza alivyofukuzwa na mbuzi, na dada akacheka hadi akapaliwa. Nasema haya kwa sababu yatakuja kuwa na maana. Ramadhani ikapita, Idi ikaja. Akavaa nguo mpya.

Wiki ya pili baada ya Idi, mwezi wa Oktoba, mtu alipiga hodi kwetu mchana. Alikuwa kijana wa Kigiriama, jina lake Katana, mkazi wa Magogoni kule Kisauni, Mkristo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekauka kwa moto na vidole vimeshikana. Alikuwa mtia makaa katika meli ya Mbarak. Amelazwa miezi mingi hospitali ya mbali, ameletwa nyumbani juzi, na tangu aliposhuka amekuwa akiulizia nyumba yetu.

Dada aliketi nyuma ya pazia. Bi Mwanarehema alikaa sakafuni, mkono kwenye mlango.

"Ilikuwa Jumapili ya Pasaka," Katana alisema. "Siwezi kuisahau, kwa sababu sisi Wakristo wachache tulikuwa tumeimba asubuhi. Mchana nikapanda juu kula. Mbarak hakuwa zamu. Alikuwa kule mbele kabisa, ameinama, anatazama pomboo. Akaniita niende. Akasema, 'Katana, ndoo uone!' Nikamwambia nakula. Ndipo tukapigwa, na tulipigwa pale pale mbele. Sehemu ile ya meli haikuwepo tena, mama. Nisameheni. Haikuwepo."

Bi Mwanarehema aliuma leso yake. Kisha sauti ya dada ikatoka nyuma ya pazia, ya kawaida kabisa, kama aulizaye bei ya nazi.

"Walikuwa wengi?"

"Nani, dada?"

"Pomboo."

Katana akanitazama mimi, kisha akalitazama pazia. "Sikuwaona, dada yangu," akasema. "Sikwenda kutazama."

Siku ya pili nikaenda ofisini. Sasa kwa kuwa nilikuwa na siku ya kuitaja, karani akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na jibu. Naam. Ni siku hiyo. Nyumba yetu ikafunga msiba, watu wakaja, Kurani ikasomwa siku tatu. Kulthum mwenyewe alivua bangili zake, akamwaga chupa ya marashi uani, akatafuta nguo nyeupe. Alikuwa tayari. Naweza kusema hata alikuwa na haraka. Kilichompata mumewe hakikuwa mikononi mwake, lakini eda ilikuwa mikononi mwake. Ni kitu ambacho mke humfanyia mume, cha mwisho, na yeye alitaka kukifanya vizuri.

Siku ya tatu, baada ya hitima, Maalim Jaffar akaniomba tuingie chumba cha pili, na dada akaja, amefunikwa. Maalim akauliza tena ile siku. Nikamwambia. Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Pasaka yao ilikuwa ndani ya Mfungo Saba, mwezi wa saba baada ya Ramadhani. Akahesabu miezi minne ya eda, akaongeza siku kumi. Aliposhusha mkono, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kulthum, mwanangu," alisema.

"Abee, maalim."

"Eda ya mfiwa huanza siku ya kufa mume. Haianzi siku ya kupata habari. Ndivyo tulivyosoma katika madhehebu yetu, na ndivyo atakavyokwambia kadhi. Eda yako imekwisha."

"Imekwisha lini, maalim, na sijaianza?"

"Imekwisha mwisho wa Shaaban. Siku zile za vunja jungu."

Nadhani dada alikuwa akikumbuka, kama mimi, ile sahani ya wali.

"Siku ile nilicheka," akasema. "Nilikuwa na hina mikononi. Eda nzima nilikuwa na hina, maalim. Nilikuwa na asumini. Nilitoka kila siku. Nimemfanyia nini Mbarak?"

"Hukujua. Mola hamhesabii mtu asilolijua. Huna dhambi hata chembe."

"Sitaki kutokuwa na dhambi. Nataka eda yangu. Nipe niikae sasa."

Maalim Jaffar alilia. Nilikuwa sijapata kumwona akilia. "Mwanangu, ningekuwa nayo ningekupa," alisema. "Si yangu. Mwanamke haombolezi kwa muda wa kujiwekea mwenyewe. Muda wake umewekwa, na umepita. Vua nguo nyeupe. Wewe ni mtu huru."

Mimi ni Mwislamu na naiamini sheria ile hadi leo. Ni sheria ya huruma. Imewaokoa wanawake wengi wasifungiwe ndani mara mbili. Lakini nilikuwepo chumbani mle, na nilimwona mtu aliyepewa uhuru na hana mahali pa kuuweka.

Bi Mwanarehema, aliyegombana naye miezi yote ile kwa ajili ya eda, ndiye aliyemvua zile nguo nyeupe. Alimvua polepole, kama amvuliaye mtoto mwenye homa. Hakusema, "Nilikwambia." Alimfunga leso ya kawaida, akamwuliza, ili kusema jambo lolote tu, "Huyo Bi Pengo uliyekuwa ukimtafuta, ni nani hasa?"

"Nyangumi, mama. Ana pengo mkiani. Mbarak ndiye aliyempa jina."

Bi kizee akapitisha ulimi pale palipokosa jino. "Alinisema mimi, mtoto yule," akasema, na wakashikana, wakicheka na kulia, na mimi nikatoka nje.

Wiki haikuisha, ikaja posa. Bwana Matano, mwenye duka pale kivukoni, mtu mwema, mjane, alimtuma mjomba wake kwangu kwa kuwa mimi ni walii. Hakukosea. Mwanamke hana mume, eda imepita, sheria haina kizuizi. Nilimpa mjomba kahawa, nikamwambia nitampelekea jibu. Niliporudi ndani dada alikuwa amesikia kila kitu.

"Hata macho hayajakauka," alisema. "Nilikuwa mke wa mtu Jumatatu."

"Niwaambie nini?"

"Waambie wewe unavyojua. Wewe ndiye uliyesoma."

Niliwaambia asubiri. Matano alisubiri mwaka mmoja, kisha akaoa kwingine, na hakuna aliyemlaumu. Dada hakuolewa tena.

Siku chache baada ya posa ile alinitaka nimsindikize jabalini. Nyevu alikuwa akipalilia. Alipomwona Kulthum na leso ya rangi alishangaa.

"Imekuwaje? Mbona hukufungiwa?"

"Imeshapita."

"Imepita vipi na mtu mmemlilia juzi? Kwetu ungenyolewa kichwa, watu wakakuona, wakajua. Nikunyoe mimi?" Akainua jembe, kama angelitumia hilo.

"Ungenikata masikio," dada akasema.

Tukaketi. Ilikuwa mwisho wa miezi yao. Nyangumi wachache waliobaki walikuwa wakirudi kusini. Bahari ilikuwa imetulia, kijani kwenye mwamba na buluu nje. Mimi niliona maji. Dada aliacha macho yake wazi, bila kutafuta, kama alivyofunzwa.

"Pale," alisema baadaye.

Nilifuata kidole chake. Pumzi ilikuwa karibu kuliko nilivyotarajia, nje kidogo tu ya mwamba. Mgongo ukaja, ukakaa juu. Ubavuni mwake kikapanda kipumzi kidogo, kikavunjika, kikapanda tena. Tukawatazama wakipita mbele yetu bila haraka. Walipokuwa karibu kutupita yule mkubwa aligeuka, akainua mkia, akaupiga juu ya maji mara moja, na sauti yake ikatufikia baada ya mkia kushuka. Ncha ya upande mmoja haikuwepo.

Kulthum alisimama. Aligeukia upande wa kulia, ambako hakukuwa na mtu, akafungua mdomo. Kisha akageukia kwangu.

"Ana mtoto," aliniambia.

"Nimemwona, dada."

"Hapana," alisema. "Uniulize kwanza."

Nikamwuliza. Nikasema, "Kulthum, Bi Pengo ana mtoto?" Sauti yangu haikufanana na ya Mbarak hata kidogo, naye alijua, akajibu hivyo hivyo, kwa urefu, jinsi walivyokuja, nani alipumua kwanza, mtoto mkubwa kama nini. Alipomaliza wale wawili walikuwa mbali, na hakukuwa na zaidi ya kufanya. Tukarudi nyumbani.

Jumapili hii nilikwenda mwenyewe. Shamba la Nyevu sasa lina nyumba za mawe, lakini mwenye nyumba ya mwisho alinifungulia lango. Ni miezi ya nyangumi. Nilikaa mpaka adhana ya adhuhuri, nimeacha macho wazi, sikukaza mahali pamoja. Sikuona pumzi wala mgongo. Nikasoma dua ya Nabii Yunus, nikamwombea Kulthum, nikamwombea Mbarak, nikainuka.